Jedwali la alama za kujumlisha si utafiti

Kuna aina moja ya memwari ya shimi ambayo wengi wetu tunaijua hata mbele ya kuifungua. Kichwa kinataja majani ya mti fulani, jina lake kwa Kilatini, na uchunguzi wa "familia za molekuli" zilizomo. Sura ya kwanza inaeleza mti. Ya pili inaeleza reaktifu. Ya tatu ni jedwali: alkaloidi ++, tanini +++, saponini +, flavonoidi ++. Mwishoni mwandishi anasema mti huu una faida kwa afya na kwamba utafiti uendelee. Anapewa pointi zake, anapigwa picha na toga, na utafiti hauendelei.

Mimi ni mtu wa agronomia. Mtasema nachungulia ndani ya nyumba ya jirani. Sawa. Lakini majibu ya watu wa shimi ndiyo sisi tunapeleka shambani, na majibu ya namna hii hayana fasi ya kupelekwa.

Kwa leseni ningenyamaza. Mwanafunzi wa leseni anajifunza kushika pipeti, na jedwali lile ni zoezi zuri. Master ya utafiti ni kitu kingine: miaka miwili, kredi 120, minervali ya kulipa, wazazi wanaouza mbuzi. Ukitoka pale, sherti kuwe kitu kimoja, hata kidogo, ambacho mbele yako hakuna mutu alikijua.

Sasa tuangalie zile alama zenyewe. Kwa saponini unatikisa tubu na kupima povu. Kwa tanini unatia kloridi ya chuma, rangi inageuka. Kwa alkaloidi unatia Mayer ao Dragendorff na kungojea mashapo. Hiyo inakuambia tu kwamba pengine kuna kitu cha ukoo ule. Haikuambii ni molekuli gani, iko kiasi gani, wala inafanya nini ndani ya mwili. Na mara ingine inakudanganya. Dragendorff inaweza kuonyesha alkaloidi fasi kuna protini tu. Kafeini, ambayo kila mkulima wa kahawa hapa Kivu anaisikia, ni alkaloidi, lakini Mayer haiioni. Mwanafunzi anayeamini tubu yake bila kuuliza ataandika "hapana" mbele ya molekuli ambayo dunia nzima inakunywa kila asubuhi.

Najua jibu: hatuna mashine. Ni kweli, na si mimi nitacheka mtu anayengojea umeme urudi ili amalize kipimo. Lakini mashine haichagui swali. Angalieni konzo.

Konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu, ulielezwa na Dk Trolli katika Kwango mwaka 1938. Unashika zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, ghafla, na miguu hairudi kama zamani. Sababu yake inafungamana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, pamoja na chakula kisicho na protini. Howard Bradbury, mwanashimi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia (ANU) kule Canberra, alifanya kazi miaka mingi juu ya swali moja: sianidi ya unga ipimwe namna gani fasi hakuna labo? Jibu likawa kipande cha karatasi ya pikrati. Ni ya manjano. Sianidi ikiwapo inaelekea kahawia, na unalinganisha rangi na kadi.

Kisha akauliza swali la pili, na hapa shimi inapendeza kweli. Ndani ya unga kuna linamarini, na kuna pia enzimu inayoivunja. Unga ukiwa mkavu havikutani vizuri. Tia maji, tandaza unga tabaka jembamba, ngoja saa 2 kwenye jua ao saa 5 kwenye kivuli: enzimu inafanya kazi, asidi ya sianidi inatoka, na kwa kuwa inachemka karibu nyuzi 26 tu, inaenda na hewa. Jioni mama anasonga bugali yake kama kawaida. Bradbury na timu ya Wakongomani wakiongozwa na Dk Banea walipeleka njia hiyo Kay Kalenge, upande wa Popokabaka. Wakati wa kazi ile hakukutokea mgonjwa mpya wa konzo kijijini.

Ni kweli, Bradbury alikuwa na labo nzuri nyuma yake. Lakini ile iliyofika kijijini ni maji, jua na karatasi, kwa sababu swali lilianzia pale bugali inapikwa. Memwari nyingi zetu zinaanzia kwenye reaktifu iliyobaki kabatini. Na hapa lawama yangu haiendi kwa mwanafunzi kwanza. Inaenda kwa promoteri anayegawa kichwa kimoja kila mwaka, akibadilisha paka jina la mti, na kwa jiri inayotumia dakika kumi juu ya makosa ya Kifaransa bila kuuliza hata mara moja: ulitaka kujua nini?

Nitoe mfano wa kwetu shambani. Udongo wa fasi nyingi za Kivu una asidi kali, aluminiamu inaunguza mizizi, chokaa ni bei. Wakulima wanamwaga majivu ya jikoni. Majivu ya eukaliptusi na yale ya maganda ya ndizi yana nguvu sawa ya kuua asidi? Kilo ngapi zinalingana na kilo moja ya chokaa? Yakinyeshewa mvua wiki mbili, nguvu inabaki? Asidi ya kloridi, soda na bureti vinatosha kuanza. Mwanafunzi wa master akikuja na swali hilo, mimi nitamubebea majivu mwenyewe.