Kipandio cha Mwisho

Picha huwa ni ileile. Ngazi nyeupe imepigwa kutoka chini, taa za LED zinawaka chini ya kila kipandio, kioo kinameta ubavuni, na mwenye nyumba kasimama juu kama mgombea ubunge. Chini ya picha pongezi zinamiminika: mashallah, kazi safi, fundi naomba namba. Katika watu mia mbili waliosifu, hakuna hata mmoja aliyeuliza kipandio cha mwisho kina sentimita ngapi.

Wanaoijua kazi hii wamechoka. Ghorofa zimejaa Goba na Mbezi Beach, Syokimau na Nyali, na kila aliyepata pesa anataka ngazi ambayo hakuna mwingine anayo. Hilo si kosa. Ngazi ndicho kitu pekee ndani ya nyumba ambacho mgeni hulazimika kukikabidhi mwili wake wote, kwa hiyo ina haki ya kugharamiwa. Kinachokera ni kwamba kazi mbovu ndiyo inayosifiwa, na fundi anayejua anakosa kazi kwa sababu ngazi yake haimeremeti kwenye simu.

Mgeni wa fani hutazama kioo, reli na rangi ya mbao. Mjuzi hatazami chochote kwanza. Anapanda. Anapanda kwa mwendo wake wa kawaida, bila kushika reli, akiwa anaongea na mwenyeji wake mambo mengine kabisa. Akifika juu bila kukatisha sentensi, ndipo anaanza kuangalia. Akijikwaa, au mguu ukishuka hewani ukakuta sakafu mapema kuliko ulivyotarajia, uchunguzi umekwisha.

Sababu iko mwilini. Mtu akishakanyaga vipandio viwili vya kwanza, miguu imekariri kimo na macho yanaachiwa huru. Kuanzia hapo unyayo hupita juu ya ukingo wa tredi, yaani sehemu ya kukanyagia, kwa nafasi finyu sana. Riza moja, yaani kimo cha kipandio kimoja, ikizidi wenzake kidogo tu, kidole kinagonga. Brooklyn, mwaka 2012, mpiga filamu Dean Peterson aliweka kamera kwenye ngazi ya kituo cha treni cha 36th Street, ambako kipandio kimoja kilizidi vingine kwa sehemu ndogo ya inchi. Filamu yake fupi ni ya kuchekesha na kutisha kwa pamoja: watu wanajikwaa palepale, mmoja baada ya mwingine, wenye haraka na wasio na haraka, hata mwanamume aliyebeba mtoto. Filamu iliposambaa, mamlaka ya usafiri iliifunga ngazi ile na kuirekebisha. Kanuni za nyumba za makazi zinazotumika katika majimbo mengi ya Marekani haziruhusu riza ndefu kabisa na fupi kabisa za ngazi moja kupishana zaidi ya milimita 9.5.

Sasa tuje kwenye ghorofa la kwetu. Kutoka zege ya chini hadi zege ya juu kuna sentimita 315. Injinia kaandika riza 18 za sentimita 17.5, na fundi wa fomu kazifuata barabara. Zege imemwagwa, mbao zimefunguliwa, kila mtu kafurahi. Miezi minane baadaye anakuja fundi wa marumaru. Sakafu ya chini anaipa sentimita tano za saruji na kigae. Vipandio anavipa sentimita mbili tu, gundi na kigae. Sakafu ya juu nayo inapata tano. Hesabu sasa imebadilika bila mtu kugusa zege: riza ya kwanza imebaki 14.5, ya mwisho imekuwa 20.5, na zote za katikati ni 17.5 zilezile. Sentimita sita kati ya mwanzo na mwisho! Picha haitaionyesha. Bibi wa nyumba ataigundua siku ya kwanza anaposhuka kwenda kuswali.

Huo ndio ugonjwa wa kistaarabu, unaotokea hata pale ambapo ramani ni nzuri. Upo mwingine wa kienyeji zaidi. Fundi hana ramani ya ngazi, ana mazoea: kila riza inchi sita. Anaanza chini, anapanda, inchi sita, inchi sita, mpaka vipandio 20. Akifika juu anakuta amebakiwa na sentimita kumi. Hapo hajui pa kuziweka, anaziacha zikae kama kipandio kidogo cha mwisho, kifupi na cha kuangusha. Mwenye nyumba akilalamika anaambiwa, “Utazoea tu, bosi.” Na kweli atazoea. Watakaoanguka ni wageni.

Wajanja wana dawa zao. Mmoja anabandika kigae juu ya kigae kwenye kipandio cha pili na cha tatu ili ngazi “ipande taratibu.” Mwingine anainamisha sakafu ya juu kwa mteremko usioonekana, maji ya deki yanateremka hadi sebuleni. Wa tatu, huyu ni hatari kwa sababu ana akili, anaigawa ile dhambi katika vipandio vitatu vya mwisho, sentimita moja moja, ili jicho lisione kitu. Jicho halioni kweli. Mguu unaona mara tatu badala ya moja.

Mafundi wa terazo waliojenga majumba ya Upanga, Kariakoo na Mombasa katika miaka ya 1950 na 1960 hawakuwa na leza. Walikuwa na hosi ya maji, kamba ya rangi na subira. Kabla ya nondo ya kwanza kukatwa, levo ilipigwa ukutani mita moja juu ya sakafu iliyokamilika, si juu ya zege, na kila kipimo cha jengo kilishuka au kupanda kutoka mstari ule. Seremala mzuri alikuwa na ufito. Aliusimamisha kutoka sakafu kamili ya chini hadi sakafu kamili ya juu, akaugawa kwa bikari mpaka mgawanyo wa mwisho ukaangukia kwenye alama bila kubakiza hata uzi, kisha akauhamishia ukutani mzima mzima. Futikamba haikutumika kabisa, maana ukipima mara 18 unakosea mara 18. Ngazi zile zipo hadi leo, zimelika katikati, tepe za shaba zimekuwa kama dhahabu, na mtu anaweza kuzishuka umeme umekatika akiwa na sinia mkononi. Ufito ule sasa hauonekani saiti yoyote. Anayeutaja anaulizwa kama yeye ni wa enzi ya Mjerumani.

Kuhusu uwiano wa riza na tredi, neno lilishasemwa Ufaransa katika karne ya 17 na François Blondel: riza mbili ukijumlisha na tredi moja zilingane na hatua ya mtu. Leo wengi wanalenga karibu sentimita 63. Ngazi yetu ya riza 17.5 inadai tredi ya 28, basi. Uingereza inaruhusu riza hadi sentimita 22 katika nyumba binafsi, lakini ruhusa si sifa. Inayozidi 18 ni ya kupandia dari. Mrumi Vitruvius alitaka vipandio vya hekalu viwe witiri, ili anayeanza kwa mguu wa kulia afike kwa mguu wa kulia, na hapo mzee yeyote wa pwani atamuunga mkono bila kumsoma. Kwa sentimita 315, vipandio 19 vya takribani 16.6 vinapendeza kuliko 18. Hilo halihitaji ushahidi.

Umaarufu nao haumwokoi mtu. Venice ina daraja la Santiago Calatrava lililofunguliwa mwaka 2008, daraja ambalo kimsingi ni ngazi ndefu, lenye vipandio vya kioo. Magazeti yaliusifu mstari wake. Wapita njia waliteleza, wakaanguka, wakadai fidia, na mwaka 2019 mahakama ya hesabu za serikali ya Italia ikamwamuru Calatrava alipe euro 78,000 kwa uzembe. Baadaye jiji likaamua kubadilisha kioo kwa jiwe. Mji huohuo, pembeni mwa uwanja wa San Marco, kuna ngazi ya duka la Olivetti aliyoibuni Carlo Scarpa na kukamilika mwaka 1958: mabamba ya marumaru ya Aurisina, moja juu ya jingine na hewa katikati, mengine yakijitokeza ubavuni kuliko wenzake. Ukiiona unadhani itasambaratika. Ni ngazi ya dukani, na inafanya kazi ya dukani: inamvuta mteja aende juu kabla hajajua anataka nini huko. Arne Jacobsen alifanya hivyohivyo katika hoteli ya SAS Copenhagen mwaka 1960, ngazi ya mzunguko ikining'inia kwa vyuma kutoka juu ukumbini. Wenye hoteli na maduka wa kwetu hupeleka ngazi uani karibu na choo, kisha wanashangaa ghorofa ya kwanza haina wateja.

Ile inayoitwa “ngazi inayoelea” ndiyo yenye udanganyifu mwingi. Vipandio vya mawe vya Tulip Stairs huko Greenwich, vya mwaka 1635, vimeshikwa ukutani upande mmoja, lakini kila kimoja kimeegemea kilichoko chini yake, hakuna muujiza. Ya kisasa inahitaji mhimili wa chuma au zege uliofichwa ndani ya ukuta. Fundi tapeli anachomeka bomba kwenye tofali la inchi sita lenye tundu, anapiga plasta, anachukua pesa. Dawa yake ni kusimama kwenye ncha huru ya tredi na kurukaruka kidogo. Ikirudisha mtu juu, ateremke.

Mengine ni ya haraka. Kioo cha pembeni kitazamwe ukingoni: kiwe tabaka mbili zilizobanwa, na muhuri wa kiwanda uwe kwenye kona, si stika. Kati ya nguzo na nguzo mpira wa sentimita kumi usipite, kwa sababu kichwa cha mtoto ndicho kitakachofuata. Viungo vya chuma vigongwe kwa sarafu, maana puti ya magari hutoa sauti mfu palipotakiwa kuwa na weldingi. Mninga ukaguliwe chini ya tredi, kule ambako brashi haifiki. Paini ya Sao Hill iliyopakwa rangi hujitoa yenyewe pale, na kisigino cha kiatu cha harusi kitamalizia ushahidi.

Reli lazima iwe ya mbao. Iwe ya duara, isizidi sentimita tano, vidole viweze kuizunguka, na isikatike kwenye landingi. Bomba la stenlesi la mraba linashikika kama ubao wa dirisha na lina baridi asubuhi. Zile za mipira ya dhahabu hazijadiliwi hapa. Taa chini ya vipandio zina mahali pake, napo ni ukumbi wa sinema.

Anayejenga sasa afanye jambo moja. Kabla ya kutoa awamu ya mwisho ya malipo, achukue futikamba apime riza zote, akianza na ya chini kabisa na ya juu kabisa, marumaru ikiwa imeshabandikwa. Tofauti ikizidi sentimita moja, asilipe. Na sharti kwamba gharama ya kuvunja na kumwaga upya ni ya mkandarasi liandikwe kwenye mkataba mapema, kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna mkandarasi atakayelisaini.