Laini, Leseni na Kitufe cha Google

Programu nyingi za mtandaoni huanza na ukurasa uleule: kisanduku cha barua pepe, kisanduku cha neno la siri, na chini yake vitufe viwili, "Ingia kwa Google" na "Ingia kwa Facebook". Mtengenezaji havitolei jasho. Maktaba za kazi hiyo zipo bure, na kwa mchana mmoja vitufe vinafanya kazi. Kinachoingia pamoja navyo kimyakimya ni dhana kuhusu mtumiaji: kwamba ana barua pepe, kwamba anaisoma, na kwamba ni yake peke yake leo na miaka saba ijayo. Ukiipeleka dhana hiyo kwenye machimbo ya Nyarugusu, Lwamgasa au Mwakitolyo, haifiki wiki. Ndiyo maana nashikilia kuwa kazi ya kurekebisha namna watu wanavyoingia kwenye mfumo haianzii kwenye vitufe. Inaanzia kwenye jedwali la watumiaji, na uamuzi wa kwanza hapo ni kumtenganisha mtu na kila anachotumia kujithibitisha, iwe Gmail, Facebook, laini ya simu au namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa.

Chukulia programu ya kutunza hesabu za leseni moja ndogo ya uchimbaji. Leseni hii, ambayo kwa Sheria ya Madini ya 2010 hutolewa kwa Watanzania pekee na hudumu miaka 7 kabla ya kuhuishwa, huwa na jina la mtu mmoja au kikundi, lakini juu ya ardhi yake wanafanya kazi watu wengi. Yupo mwenye leseni, wapo wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yupo mwenye karasha ya kusagia mawe, yupo karani anayehesabu mifuko ya mawe inayotoka shimoni, na mwisho wa safari yupo mnunuzi sokoni. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa tarehe 17 Machi 2019 na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, likafuatiwa na masoko mengine nchini, kumbukumbu za nani kaleta gramu ngapi kutoka leseni ipi zimepata uzito ambao daftari la mfukoni halikuwa nao. Hesabu hizo zikihamia mtandaoni, swali la nani ameingia na anaruhusiwa kuona nini linageuka kuwa swali la mgao. Mwenye duara anayefungua ukurasa na kukuta mifuko ya duara jirani amepewa siri ya mwenzake. Na karani anayeweza kuingia kwa jina la mwenye duara anaweza kubadili idadi ya mifuko.

Watu hawa wana nini mkononi? Wana laini. Utambulisho wa laini Tanzania ulijengwa kwa awamu, na awamu iliyobadilisha mambo ni usajili wa alama za vidole ulioanza tarehe 1 Mei 2019 na kufikia ukomo wake tarehe 20 Januari 2020, baada ya siku ya mwisho ya kwanza, 31 Desemba, kusogezwa. Kilichofanyika chini ya mwavuli wa wakala kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mteja anataja namba yake ya NIDA yenye tarakimu 20, anaweka kidole kwenye kifaa, kifaa kinauliza kanzidata ya NIDA kama kidole hicho ni cha mwenye namba hiyo, na jibu likiwa ndiyo, laini inafungwa kwa mtu huyo. Wakala hahifadhi kidole ili akilinganishe mwenyewe. Anamtegemea mthibitishaji wa tatu. Kwa umbo, huo ni mpango uleule wa kuingia kwa akaunti ya mtandao mwingine, ambao Facebook iliuleta kwa tovuti za nje mwaka 2008, itifaki ya OAuth 2.0 ikauwekea kanuni mwaka 2012, na OpenID Connect ikaukamilisha mwaka 2014: tovuti haimuulizi mtumiaji siri yake, inamwelekeza kwa anayemjua, kisha inapokea tokeni yenye jibu.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Google ikijibu, jibu linaifikia programu yako moja kwa moja, likiwa na sahihi ya kidijitali unayoweza kuikagua. Uthibitisho wa kidole unaishia kwa kampuni ya simu. Programu yako inapotuma msimbo wa tarakimu sita kwa ujumbe mfupi na msimbo huo ukarudi, ilichojua ni kwamba mtu fulani ameushika ujumbe uliofika kwenye laini hiyo wakati huo. Haikujua jina, wala haikujua kidole. Wapo wanaouza mifumo wakisema laini imesajiliwa kwa NIDA kwa hiyo mtumiaji amehakikiwa. Hapo wanadai zaidi ya walichokipata.

Turudi kwenye vitufe, kwa sababu kasoro yao huku ni ya kiufundi kabisa. Google inapothibitisha mtu hutuma, pamoja na mengine, sehemu iitwayo sub, ambayo ni kitambulisho cha akaunti kisichobadilika, halafu barua pepe, na alama ya kuonyesha kama barua pepe hiyo imehakikiwa. Maelekezo ya Google yenyewe yanataka programu imtambue mtu kwa sub, si kwa barua pepe, maana barua pepe inaweza kubadilika. Lakini mtengenezaji mwenye haraka huchukua barua pepe, huitafuta kwenye jedwali lake, akiipata anamwingiza mtu, asipoipata anafungua akaunti mpya. Kwa Facebook njia hiyo inakwama mapema zaidi: akaunti iliyofunguliwa kwa namba ya simu haina barua pepe ya kurudisha, na sehemu hiyo inakuja tupu. Watanzania wengi waliijua Facebook kabla ya kuwa na haja na barua pepe. Mwaka 2014 Tigo ilikuwa inawapa wateja wake Facebook bila kukata bando, kwa Kiswahili, na ukishakuwa na namba ya simu hukuhitaji kingine. Kwa hiyo mchimbaji anabonyeza kitufe, Facebook inamkubali, programu inamkataa, na ujumbe wa kosa unaandikwa kwa Kiingereza.

Mtu atasema kila mwenye simu janja ya Android ana Gmail, kwani duka la programu halifunguki bila hiyo. Ni kweli anayo, lakini uliza nani aliifungua. Mara nyingi ni muuza simu au fundi aliyeandika jina lolote lililokuwa wazi na neno la siri lililokuwa rahisi kwake, akakabidhi simu, basi. Akaunti hiyo inaishi kadiri simu inavyoishi. Simu ikianguka shimoni au ikiuzwa, inafunguliwa nyingine mpya, na programu inayomtambua mtu kwa Gmail inamwona mgeni asiye na mfuko hata mmoja. Achilia mbali mwenye kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, ambaye kwake kitufe hakipo kabisa ila bado ana mgao.

Je, basi tuchukue namba ya simu iwe ndiye mtu? Hapa ndipo wengi waliotoroka barua pepe wanapotumbukia. Namba ina matatizo yake, na la kwanza ni dogo lakini linasumbua kila siku: mmoja anaiandika kwa kuanza na sifuri, wa pili anaanza na 255, wa tatu anaweka alama ya kujumlisha, wa nne anaacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu, na mfumo usiosafisha maandishi hayo kuwa muundo mmoja wa kimataifa kabla ya kuhifadhi utamfungulia mtu huyo akaunti nne. La pili ni kudhani kuwa tarakimu za mwanzo zinakuambia mtandao wa mteja, wakati tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake. La tatu ndilo zito. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na namba inaweza kuuzwa tena. Mchimbaji anayefuata rashi, yaani kukimbilia dhahabu mpya, kutoka Geita hadi Kahama, kisha Chunya, huacha laini nyuma. Leseni inadumu miaka 7. Laini haina ahadi hiyo. Mnunuzi mpya wa namba akiomba msimbo, ataupokea kihalali kabisa, na mfumo utamkaribisha kwa jina la mtu mwingine. Nchi hii ina mzaha unaojulikana na kila mwenye simu, ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na hauishi kwa sababu tumezoea kuiona namba kana kwamba ni mtu.

Suluhisho halina maajabu. Kila mtu apewe kitambulisho cha ndani cha mfumo, namba isiyo na maana yoyote nje yake, na hesabu zote zifungwe kwenye hicho. Pembeni kuwe na jedwali la pili la vithibitisho: laini hii, sub hii ya Google, kitambulisho hiki cha Facebook, kila kimoja na tarehe kilipounganishwa na tarehe kilipohakikiwa mara ya mwisho. Laini ikipotea, mstari mmoja unafutwa na mwingine unaandikwa, na mifuko haiguswi. Wanaotumia Django, zana ya kujengea tovuti, wamekuwa na nafasi ya kuweka mtumiaji wa muundo wao wenyewe tangu toleo la 1.5 la mwaka 2013, na nyaraka zake zinahimiza ifanywe mwanzoni mwa mradi kwa sababu kubadili baadaye ni adha. Ruhusa nazo zisikae kwa mtu, zikae kwenye uhusiano wa mtu na leseni, kwa kuwa mtu huyohuyo anaweza kuwa mwenye duara kwenye leseni moja na dalali tu kwenye nyingine.

Wapo watakaosema ukiongeza njia za kuingia umeongeza njia za wezi. Pingamizi hili lina ushahidi. Mwaka 2022 watafiti Avinash Sudhodanan na Andrew Paverd walichunguza huduma 75 maarufu wakakuta angalau 35 zingeweza kuvamiwa kabla mwenye akaunti hajafika: mhalifu anafungua akaunti kwa barua pepe ya mwenzake na kuweka neno la siri, mwenyewe anakuja baadaye kwa kitufe cha Google, mfumo unaziunganisha akaunti mbili, na mhalifu anabaki na neno lake la siri. Sura ya shambulio hilo machimboni si ya mdukuzi wa mbali. Ni karani anayewasajili watu thelathini asubuhi moja na kuwawekea wote namba ya siri 1234 ili foleni isogee. Siku mwenye duara atakapoingia mwenyewe, karani bado yumo. Kwa hiyo kanuni ni mbili: hakuna kuunganisha akaunti kimyakimya kwa kufanana kwa barua pepe au namba, bali muunganiko ufanywe na mtu akiwa tayari ameingia, na akaunti iliyofunguliwa na mwingine ifutiwe siri zote na vipindi vyote vilivyo wazi pale mwenyewe anapoihakiki mara ya kwanza.

Pingamizi jingine ni kwamba msimbo wa ujumbe mfupi ni dhaifu. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani iliuweka mwaka 2017 kwenye kundi la njia za kutumiwa kwa tahadhari, na anayebisha hajawahi kusikia mtu akibembelezwa kwa simu asome tarakimu alizotumiwa. Nakubali udhaifu huo, sikubali hitimisho la kurudi kwenye Google pekee. Hata Facebook iliibiwa tokeni za akaunti zipatazo milioni 30 mwaka 2018. Kinachofaa ni kupima uzito wa tendo. Kuangalia mifuko ya wiki, msimbo na namba ya siri vinatosha. Kubadili namba ya kupokelea malipo kusubiri siku kadhaa, ujumbe uende kwenye laini ya zamani na mpya, na mwenye leseni aone kilichoombwa. Mhasibu aliyeko mjini Shinyanga mwenye kompyuta na Gmail anayoijua, huyo apewe kitufe cha Google. Kwake ni salama kuliko neno la siri lililobandikwa ukutani.

Wachache watapendekeza njia ya mkato: watu waingie kwa namba ya NIDA. Namba hiyo imeachwa kwenye nakala za kitambulisho katika kila duka na kila ofisi, na tarakimu zake nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Haifai kuwa siri, na kuikusanya bila sababu kunakugonganisha na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayotaka ukusanye kinachohitajika kwa kusudi lililotajwa. Sheria hiyohiyo ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi, jambo ambalo mwenye kuweka kitufe cha Facebook anapaswa kulisoma kabla ya kukiweka.

Sehemu inayobaki haina msimbo wa kuiandika. Aliyepoteza simu, laini na Gmail kwa siku moja atahitaji mtu wa kumtambua, na kwenye leseni watu hao wapo: mwenye leseni na mwenye duara jirani, wawili wakithibitisha pamoja, kila uthibitisho ukibaki kwenye kumbukumbu kwa jina na saa. Kidole pekee hakitoshi, maana mawe na maji ya mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, hulainisha alama za vidole hadi kifaa kisizisome. Wenye kuunda mifumo ya namna hii Geita, Kahama na Shinyanga waandike utaratibu huo kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa kuingilia, juu ya vitufe, pamoja na namba ya ofisi inayopokelewa.