Asili ya Neno Haitoshi: Tufundishe na Njia Lilikopitia

Kila tunaposahihisha kazi za wanafunzi kuhusu asili ya maneno, tunakutana na orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza, na mbele ya kila neno pameandikwa "Kigiriki". Kwa maoni yetu, orodha hizo zina upungufu wa msingi: zinataja chimbuko bila kutaja njia.

Tuchukue mifano. Neno "school" linatokana na skholē ya Kigiriki, iliyomaanisha wasaa, yaani muda ambao mtu hana kazi. Baadaye likamaanisha mazungumzo ya kielimu, kisha mahali pa kusomea, nalo lilifika Uingereza kwa kupitia Kilatini. "Telephone" ni tofauti. Neno hili liliundwa katika karne ya 19 kwa vipande viwili vya Kigiriki, kimoja chenye maana ya mbali na kingine ya sauti. Mgiriki wa kale hakulijua. "Television" ni chotara: nusu Kigiriki, nusu Kilatini. Kuyatia yote katika kapu moja ni kuchanganya ukopaji na uundaji wa maneno.

Jambo hili linatuhusu pia walimu wa Kiswahili. "Shule" tulilipata kwa Wajerumani na "skuli" kwa Waingereza, lakini yote mawili ni wajukuu wa skholē. Hata "ishuri" la Kinyarwanda, tunalolisikia kila siku hapa Rwanda, limo katika ukoo huo. "Falsafa" nalo ni la Kigiriki lililotufikia kwa mkono wa Kiarabu. Mwanafunzi akiandika kuwa ni la Kiarabu, hajakosea, ila hajamaliza.

Wapo wanaohesabu maneno ya Kiarabu katika Kiswahili, kisha wakadai kuwa Kiswahili si lugha ya Kibantu. Kwa kipimo hicho, Kiingereza nacho kingekuwa Kilatini au Kigiriki! "Kalamu" ni neno la mkopo, lakini tunasema "kalamu yangu imepotea, kalamu zangu zimepotea". Upatanisho huo wa kisarufi ni wa Kibantu.

Nasi tunakiri kwamba kwa miaka mingi tumetunga swali lile lile: "Neno hili limetoka katika lugha gani?" Tunapendekeza sasa tuulize: "Limepitia lugha zipi, na kila lugha ililibadilishaje?"