Wazee Juu ya Karatasi Nyeupe: Jinsi Joy Adamson Alivyochora Watu

Ukilitaja jina la Joy Adamson mjini Isiolo, watu wanamkumbuka simba. Elsa alianza kulelewa mwaka 1956 akiwa bado mchanga, nyumbani kwa akina Adamson nje kidogo ya mji, na kitabu kilichotoka 1960 kikamfanya mwandishi wake kuwa mama wa simba mbele ya dunia nzima. Basi ikaishia hapo. Lakini kabla ya Elsa kuzaliwa, mwanamke huyo alikuwa amekwisha kuchora mamia ya picha za watu wa Kenya kwa rangi za maji: wazee wa mabaraza, machifu, waganga, morani, mabibi waliojaa shanga shingoni, wari waliotoka jandoni. Simba ameandikiwa vya kutosha. Mimi nataka kuangalia ule mkono ulioshika brashi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Gessner. Alizaliwa mwaka 1910 Troppau, mji uliokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Leo unaitwa Opava, nao uko katika Jamhuri ya Czech. Ujanani alisomea muziki, akajifunza pia uchongaji wa sanamu. Alifika Kenya mwaka 1937, na mume wake wa pili, Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Coryndon jijini Nairobi, ndiye aliyempa jina la Joy. Bally alikusanya mimea, mkewe akaichora. Michoro hiyo iliingia katika vitabu, kikiwamo kile cha Jex-Blake kuhusu bustani za Afrika Mashariki, na mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kikamtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell. Hoja yangu inaanzia kwenye maua hayo, kwa sababu naamini hakuacha kuyachora hata alipowageukia watu.

Mchoraji wa mimea ana sheria zake. Ua huwekwa peke yake juu ya karatasi nyeupe, bila udongo wala anga. Jani moja hugeuzwa lionyeshe tumbo lake na jingine lionyeshe mgongo, maana mtaalamu atakayesoma picha ile anataka kuona mishipa ya pande zote mbili. Petali zinahesabiwa, tano ni tano, sita zitakuwa mmea mwingine. Tena kazi ni ya haraka, kwa sababu ua lililokatwa asubuhi linaweza kulegea kabla ya jioni na rangi yake ikabadilika. Mchoraji anafunzwa kuanza na kile kitakachoharibika kwanza na kuacha shina mpaka mwisho.

Sasa tazama picha zake za watu. Mzee amekaa au amesimama, na nyuma yake hakuna kitu. Hakuna boma, hakuna mti, hata kivuli chake chini ni kidogo. Kichwa kimegeuzwa upande kiasi cha kutosha ili ndewe ya sikio na pambo lake vionekane pamoja na mafungu ya shanga kifuani. Palipo na msuko wa pekee, sura inaelekea upande ili kichwa kisomeke chote. Shanga unaweza kuzihesabu. Mkao huo haukuchaguliwa ili kumfurahisha mzee. Umechaguliwa ili kila sehemu inayomtambulisha ionekane mara moja. Ndiyo sheria ya jani linaloonyesha tumbo na mgongo, imehamishiwa kwa binadamu.

Serikali ya kikoloni ilimpa kazi hiyo mwaka 1949: awachore watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya asili kabla mavazi hayo hayajapotea. Kejeli yake haihitaji maelezo marefu. Kodi, misheni na ajira za mashambani vilikuwa vikiyavua mavazi hayo, na mamlaka ileile ikalipa ili yachorwe. Mwaka huohuo alifariki Nabongo Mumia wa Wanga, mmoja wa wachache katika Kenya hii waliostahili kuitwa mfalme bila kubishaniwa. Kwingineko ukuu ulikuwa wa mabaraza na marika, na beji ya chifu ilitoka kwa serikali. Kwa hiyo mchoraji hakuwa na taji wala kiti cha enzi cha kuchora. Ukuu aliupata katika vitu ambavyo macho ya Ulaya hayakuzoea kuvisoma: manyoya ya mbuni, meno ya kiboko, ngozi ya nyani, bakora, msuko.

Isiolo ilimfaa kuliko Nairobi. Mume wake wa tatu, George Adamson, aliyeoana naye 1944, alikuwa ofisa wa wanyamapori wa Jimbo la Kaskazini, aliyejulikana kama Bwana Game, na makao yake yalikuwa hapa. Mji wenyewe ulikuwa mlango wa jimbo lililofungwa. Hukuweza kuvuka kwenda juu bila kibali. Hapa walikutana Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru kutoka mlimani, na Wasomali ambao baadhi ya babu zao walipewa makazi baada ya kupigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mke wa Bwana Game aliweza kufuatana na doria, kwa lori au kwa ngamia, hadi mahali ambapo mchoraji mwingine angezuiwa kwenye kizuizi. Nafasi hiyo ilimpa watu wa kuchora. Pia ilimpa uzito ambao anayechorwa aliuhisi: mgeni anapofika na gari la serikali na kuomba ukae kitako saa kadhaa, kukataa si jambo jepesi.

Tuje kwenye rangi yenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo ngumu. Mwenye kutumia rangi za mafuta anaweza kuchora uso mweusi kisha mwishoni akapachika nukta nyeupe kwenye pua na paji. Mwenye rangi za maji hana ruhusa hiyo. Weupe wake ni karatasi, na mahali penye mwanga lazima apaache wazi tangu mwanzo, kabla hajajua uso utakuwaje. Na ngozi nyeusi haipatikani kwa rangi nyeusi. Ukiipaka hiyo, uso unakufa. Inajengwa kwa tabaka nyepesi: kwanza hudhurungi yenye wekundu, ikauke, kisha nyingine iliyoiva zaidi, kisha buluu kidogo au zambarau kwenye mashimo ya macho na chini ya taya. Ukigusa tabaka la chini kabla halijakauka, vyote vinageuka tope.

Joto la Isiolo linasaidia na linaumiza. Tabaka linakauka upesi, hungoji. Lakini ukingo wake nao unakauka kabla hujaulainisha kwa brashi yenye maji, na mpaka mkali unabaki shavuni kama alama ya kikombe cha chai mezani. Mchoraji wa hali hiyo hujifunza kupaka vipande vidogovidogo, kwa uamuzi wa mara moja. Katika nyuso zake nzuri naona pia mafunzo ya uchongaji: mfupa wa shavu umekaa mahali pake, taya ina uzito, jicho limezama ndani ya tundu badala ya kubandikwa juu.

Chukua pambo la kichwa la mwanamume wa Kiturkana wa siku zile. Nywele zinashikamanishwa kwa udongo hadi ziwe bonge gumu nyuma ya kichwa, linapakwa rangi, na ndani yake huchomekwa vishikizo vya manyoya ya mbuni. Mchoraji ana mambo matatu yanayopingana: udongo usiong'aa, ngozi iliyopakwa mafuta inayong'aa, na unyoya mwepesi unaopitisha mwanga. Kalacha ya Waborana na Wagabra, ile pembe ya chuma inayovaliwa kwenye paji na wenye daraja lao, ni mtihani wa namna nyingine, kwa kuwa chuma hakina rangi yake. Kinaazima ya anga. Anayekimbilia kijivu ameshindwa. Kwa vitu vya aina hii Joy Adamson alikuwa na jicho ambalo wachoraji wengi waliosoma zaidi yake hawakuwa nalo.

Hapo namkumbuka Goya, mchoraji wa kasri la mfalme wa Hispania. Katika picha ya familia ya mfalme Carlos wa Nne, ya miaka ya 1800 na 1801, nishani na vito ukivisogelea vinavunjika kuwa madoa ya rangi. Ni umbali unaovifanya vito. Goya hakujali kuvihesabu. Kisha, kati ya 1819 na 1823, akajaza kuta za nyumba yake nje ya Madrid na wachawi na wazee wanaokodoa macho kutoka gizani. Giza lile linameza chumba, linameza ardhi, na mtu hujui amesimama wapi.

Weupe wa Adamson unafanya kazi ileile. Jambo hili linaonekana zaidi katika picha zake za mila, zile za waliotahiriwa na za waganga. Mwari katika vazi lake la faragha ana maana akiwa porini, mbali na mama yake, katikati ya nyimbo na makatazo. Mtoe huko, msimamishe peke yake juu ya karatasi, na linalobaki ni vazi la kutisha kidogo lisilo na sababu. Goya alikusudia kumtia mtazamaji hofu. Adamson alikusudia kuandika kumbukumbu, na hofu ikaja yenyewe kwa kuwa ameondoa kila kitu ambacho kingeieleza. Kumbuka pia kwamba kuanzia Oktoba 1952 nchi ilikuwa katika hali ya hatari. Karatasi haionyeshi dalili yoyote ya hilo.

Kitabu chake kuhusu watu wa Kenya kilitoka 1967, na michoro mingi iko katika makumbusho ya Nairobi na mingine Ikulu. Mara nyingi nakala zake hubeba jina la kabila na cheo, bila jina la mtu, kama vile kibandiko cha mmea kinavyotaja jamii yake. Hilo silisamehe kirahisi, kwani aliyekaa saa nyingi akimtazama mtu usoni alikuwa na muda wa kumuuliza anaitwa nani. Ila mjukuu wa Kiturkana anayetaka kujua unyoya ulichomekwa pembe gani, na kamba ilipita juu ya sikio au nyuma yake, atapata jibu hapo, na katika picha nyingi za kamera za wakati ule, zisizo na rangi na zilizopigwa kwa mbali, hatalipata.