Kuba la Vining'inio: Michoro ya Hans Poelzig ya Ukumbi wa Berlin

Mchoro wa mkato, yaani ule unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa wima kutoka paa hadi msingi, hufichua ustadi wa msanifu wa kumbi za tamthilia kuliko mchoro mwingine wowote, kwa kuwa humo huonekana kwa pamoja mahali mtazamaji anapoketi, mahali sauti inapogonga na kile kinachoshikilia dari. Ndivyo inavyopasa kusomwa michoro ya Hans Poelzig ya Großes Schauspielhaus, ukumbi wa Berlin uliofunguliwa Novemba 1919 kwa tamthilia za Oresteia za Aeschylus, zikiongozwa na Max Reinhardt.

Poelzig hakuanza na kiwanja kitupu. Jengo lilijengwa katika miaka ya 1860 likiwa soko, baadaye likageuzwa kuwa nyumba ya sarakasi, na Reinhardt alikuwa amekwisha kuonyesha tamthilia humo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo msanifu alirithi kiunzi cha chuma na uwanja wa sarakasi, akatakiwa kuketisha watazamaji zaidi ya 3,000 wakilizunguka kwa pande tatu jukwaa lililochomoza kati yao.

Ugumu mkubwa ulikuwa kuba. Uso uliobonyea kwa ndani hukusanya mawimbi ya sauti na kuyarudisha mahali pamoja, na kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, ile inayopitia darini ikazidi njia ya moja kwa moja kwa mita 17 huchelewa kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya sekunde, muda unaotosha sikio kuanza kuisikia kuwa mwangwi unaovuruga maneno ya mwigizaji. Poelzig alilivunjavunja kuba kwa pete juu ya pete za vining'inio, mfano wa mawe ya chokaa yanayoning'inia katika mapango ya Amboni, Tanga. Vilifinyangwa kwa plasta juu ya wavu wa waya, njia iliyowezesha umbo kubwa kuning'inizwa bila kukielemea kiunzi cha zamani, na sauti iliyogonga kingo zake ilitawanyika badala ya kurudi kwa mkupuo mmoja.

Kila pete ilifanya kazi zaidi ya moja. Katika ncha za vining'inio zilifichwa taa, hata ukumbi ulipotiwa giza kuba likaonekana kama anga yenye nyota, na umbo hilohilo liliteremka kufunika nguzo, ambazo zingebaki wazi zingeonekana kuwa mabaki ya soko. Wanaoviita vining'inio pambo tu wanamwonea Poelzig. Michoro yake ya mkono, ambamo mistari ya mkaa hurudiwarudiwa mpaka kivuli kikawa umbo, inaonyesha kwamba nguzo, dari na mwanga vilifikiriwa kwa pamoja tangu mwanzo. Hata hivyo, ukubwa wenyewe wa ukumbi ulibaki mzigo kwa mwigizaji, kwa maana kutawanya mwangwi si sawa na kuikuza sauti yake.

Wanazi waliyaona maumbo hayo kuwa sanaa potovu, yakaondolewa machoni pa watazamaji, na jengo lenyewe likabomolewa katika miaka ya 1980. Michoro mingi ya Poelzig imehifadhiwa katika Makumbusho ya Usanifu ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, na mwanafunzi wa usanifu atakayeitafuta aanze na mikato kabla ya picha za kamera.