Kinachoishika Baga ya Sangara Pasipo Unga

Baga ya kwanza tuliyoikaanga nyumbani kwa shangazi, mjini Tarime, ilisambaratika kikaangoni kabla hatujaigeuza. Ya pili nayo ikawa chenga. Tulilaumu moto, tukalaumu kikaango, tukakaribia kumlaumu sangara mwenyewe, na kumbe kosa tulilitenda saa nzima kabla: tulimsafisha samaki kwa ndimu, kama tulivyofundishwa tangu utotoni.

Nieleze tulikuwa tunatafuta nini. Shangazi ana kisukari. Wajukuu walikuja likizo wakitaka baga kama zile za Mwanza, na yeye hakutaka kupikiwa sahani ya mgonjwa pembeni huku wengine wakila kitu kingine. Alitaka chakula kimoja, meza moja. Hayuko peke yake katika hilo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kisukari kwa takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na wengi wa hao wana familia inayopika chungu kimoja.

Samaki hana wanga. Ukimchukua sangara, ukamla na kachumbari, sukari mwilini haitapanda kwa sababu yake. Kinachoiharibu baga ni vitu vinavyomzunguka samaki. Mapishi yaliyozoeleka hutia nusu kikombe cha unga wa ngano katika nusu kilo ya samaki ili mchanganyiko ushikane. Hizo ni gramu 60 hivi za unga, zenye wanga gramu 45. Ukigawa kwa baga nne, kila moja imebeba gramu 11 kabla ya mkate. Skonzi nyeupe ya gramu 60 inaongeza karibu 30. Tomato sosi ya chupa inakuja na sukari yake, na soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 35. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa na sehemu mbili: kuutoa unga bila baga kuvunjika, na kuupunguza mkate bila mlaji kujiona amenyimwa.

Sehemu ya kwanza ndiyo ngumu, na ndiyo nzuri.

Robo tatu ya mnofu wa samaki, au zaidi, ni maji. Ndani yake mna protini iitwayo myosini, ambayo ikikutana na chumvi huachia nyuzi zake, na nyuzi hizo zikipondwa hunata kama ulimbo. Zikipata moto hugandamana na kuwa wavu unaokamata maji na vipande vya nyama. Wajapani wamelitegemea jambo hili kwa karne nyingi kutengeneza kamaboko, mkate wao wa samaki, wakimponda samaki na chumvi katika kinu. Kinu tunacho. Mchi tunao. Tulichokosa ni mpangilio.

Ndimu huuvunja mpangilio huo. Asidi yake huikaza protini kabla ya moto, na ndiyo sababu mnofu uliolala kwenye ndimu hugeuka mweupe kana kwamba umechemshwa. Protini iliyokwisha kukazwa hivyo hainati tena vizuri. Sisi tulikuwa tumemwosha sangara kwa ndimu mbili ili kuondoa shombo, kisha tukategemea ashikane. Mara ya tatu tuliiacha ndimu kabisa. Shombo tuliidhibiti kwa tangawizi, kitunguu saumu na ganda la limau lililokwaruzwa juujuu, ile sehemu ya njano tu. Harufu ya limau ikabaki bila asidi yake.

Hivi ndivyo ilivyofanikiwa. Nusu kilo ya minofu ya sangara, isiyo na ngozi, ilikaushwa kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kikaacha kulowa. Theluthi moja iliingia kinuni na robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi, ikapondwa dakika tano hivi, mpaka ikawa uji mzito unaovutika ukiuinua kwa mchi. Theluthi mbili zilizobaki zilikatwa kwa kisu, vipande vya ukubwa wa maharage, zikachanganywa na ule uji kwa mkono. Uji ndio gundi. Vipande ndivyo vinavyomfanya mlaji ajue anakula samaki. Ukiponda vyote, utapata kitu laini kinachoteleza kama soseji. Ukikata vyote, vitaachana.

Chumvi hiyo ni kama gramu 4, yaani gramu moja kwa kila baga. Nasisitiza kwa sababu kisukari na shinikizo la damu hutembea pamoja mara nyingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku.

Kitunguu maji kilitusumbua pia, maana hutoa maji kikikutana na chumvi. Kikatekate, kikamue kwenye kitambaa, ndipo ukitie. Na hapa shangazi akaleta wazo ambalo mimi nisingelipata: vijiko viwili vya dagaa wakavu, waliochambuliwa mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa kuwa unga. Unga huo hunywa maji yaliyobaki, kazi ileile ya ngano, lakini hauna wanga. Na unaongeza ladha ambayo mnofu mtupu hauna.

Baga nne, unene wa sentimita mbili, zilikaa mahali pa baridi nusu saa. Tarime iko juu, asubuhi yake ina baridi ya kutosha, ila kama una friji itumie. Kisha kikaango kizito, kijiko kimoja cha mafuta, mkaa wa wastani. Usiiguse baga mpaka ibanduke yenyewe, kama dakika nne. Ukiilazimisha, utaacha ukoko wake kikaangoni. Geuza, dakika nne nyingine, mpaka katikati pawe peupe kabisa.

Kuhusu mkate, tuliweka mezani vitu viwili: skonzi za unga wa atta, na majani ya kabichi yaliyochovywa kwenye maji ya moto mpaka yakalegea. Wajukuu walichukua skonzi. Shangazi alichukua nusu ya chini ya skonzi, akafunika kwa kabichi. Badala ya sosi ya chupa tulichuja mtindi kwa kitambaa, tukautia kitunguu saumu, giligilani, na hapo sasa ndimu, kwa wingi. Mkoa huu wa ng'ombe haukosi maziwa ya mgando.

Jambo moja lisipuuzwe. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, akipunguza wanga ghafla, sukari yake inaweza kushuka mno. Shangazi aliuliza kliniki kwanza. Mwenye shida ya figo naye aulize kuhusu kiasi cha protini, kwani baga moja ya namna hii ina gramu 20 na ushee.

Sangara hafiki Tarime bure. Anatoka ziwani, upande wa Shirati na Sota katika Rorya, au Musoma kupitia daraja la Kirumi, na minofu mizuri hukimbilia viwandani na ng'ambo. Kwa hiyo safari iliyofuata shangazi aliagiza mapanki, ile mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, akataka mabichi ya siku hiyo. Kati ya mbavu hubaki nyama nyingi, tena yenye mafuta. Hukati kwa kisu. Unachukua kijiko cha chuma na kukikokota kwa kufuata mbavu, kutoka uti wa mgongo kwenda nje, nyama inatoka ikiwa tayari nusu imepondeka. Hiyo yote iliingia kinuni, na mnofu wa kukata ukahitajika kidogo tu.