Mzimu Usiotisha: Mwitiko wa Mtazamaji wa Usambara kwa Filamu ya Crimson Peak

1.0 Utangulizi

Crimson Peak (2015), iliyoongozwa na Guillermo del Toro wa Mexico, ni filamu ya mapenzi ya kigothiki. Edith Cushing, binti wa tajiri wa Buffalo nchini Marekani, anaolewa na Thomas Sharpe, Mwingereza mwenye cheo cha ukoo lakini asiye na fedha. Anahamia katika jumba bovu la Allerdale huko Cumberland, anakoishi pia Lucille, dada wa mumewe. Humo anaandamwa na mizimu, ananyweshwa chai yenye sumu, na hatimaye anagundua kuwa wake waliomtangulia waliuawa kwa ajili ya mali zao.

Swali la msingi hapa ni hili: filamu hiyo inapotazamwa kutoka Lushoto, hofu yake inakaa wapi? Mtazamaji anayezungumziwa ni mtazamaji tarajiwa, yaani yule anayejengwa na masimulizi, historia na mandhari ya Usambara. Si kundi la watu waliohojiwa. Hoja inayotetewa ni kwamba kwa mtazamaji huyo hofu inahama kutoka kwa mzimu na kwenda kwenye ndoa, urithi na ardhi.

2.0 Upeo wa Matarajio

Hans Robert Jauss anashikilia kwamba kila kazi hupokelewa ndani ya upeo wa matarajio uliojengwa na kazi zilizotangulia. Kwa msomaji wa Kiswahili, upeo huo una mizimu ya aina mbili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, jina la mzimu linatanda juu ya kifo, lakini Bwana Msa anakifumbua kwa hoja na ushahidi: mkosaji ni binadamu. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, mzimu ni mzee wa ukoo anayerudi kumsuta mjukuu aliyepotoka. Wa kwanza unafumbuliwa, wa pili unasikilizwa.

Filamu ya del Toro inazikutanisha njia hizi mbili. Wauaji wote ni binadamu, kama angetarajia Bwana Msa, na mizimu yote ni ya kweli, kama katika riwaya ya Mohamed. Mtazamaji aliyelelewa na kazi hizi haoni ukinzani wowote hapo.

3.0 Mzimu kama Mzazi

Mzimu wa kwanza kuonekana ni wa mama yake Edith, aliyekufa kwa kipindupindu. Sura yake ni nyeusi na vidole vyake ni virefu, na kamera imekusudia kumwogofya mtazamaji. Hata hivyo, ujumbe wake ni wa mzazi: anamwonya mwanawe aihofu Crimson Peak. Katika jamii ambazo tambiko ni mawasiliano kati ya walio hai na waliotangulia, marehemu kumjia mtoto wake si jambo la ajabu. Jambo la ajabu ni mtoto kupokea onyo na kukosa mtu wa kumfasiria. Edith hana shangazi, bibi wala mganga wa kumpelekea alichokiona. Kwa hiyo kinachotisha katika onyesho hilo ni upweke wa aliye hai.

Mizimu myekundu ya Allerdale inathibitisha usomaji huu. Haimdhuru Edith hata mara moja. Inamwelekeza penye ushahidi. Hata mzimu wa Thomas unamsaidia katika pambano la mwisho. Wanaoua ni wanandugu walioketi naye mezani. Kikulacho ki nguoni mwako.

4.0 Mgeni na Mikono Yake

Habari za Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, inasimulia jinsi Mbegha, kigego aliyenyimwa urithi na nduguze, alivyokimbia Nguu akaingia Usambara. Alikuwa mwindaji. Aliwapa wenyeji nyama, akaua simba, na ndipo akapewa utawala wa Vuga. Mtazamaji anayelijua simulizi hili anamiliki kipimo cha kumpimia kila mgeni: amekuja na nini mikononi?

Thomas Sharpe anaingia Buffalo kama Mbegha aliyegeuzwa. Naye ni mrithi asiye na mali na mgeni mwenye mvuto. Lakini anakuja kuomba mtaji wa mashine ya kuchimbia udongo, na mzee Cushing anaposhika mikono yake anaikuta laini, isiyojua kazi. Onyesho hilo fupi, ambalo laweza kuonekana kama majivuno ya tajiri, linageuka hukumu kamili: mgeni huyu hatoi, huchukua. Mauaji ya mzee Cushing yanaondoa macho pekee yaliyokuwa yamemsoma vyema.

5.0 Ardhi na Majina Yake

Picha mashuhuri zaidi ya filamu ni udongo mwekundu unaochuruzika kutani na kupenya juu ya theluji mithili ya damu. Katika milima ya Usambara, ambako masika hugeuza njia na mito kuwa tope jekundu, rangi hiyo peke yake haitishi. Maana yake inatoka kwingine. Steven Feierman ameeleza dhana mbili za Kishambaa, kuzifya shi na kubana shi, yaani kuiponya nchi na kuiharibu. Nchi hupona au huharibika kulingana na wanaoimiliki mamlaka. Kwa dhana hiyo, jumba linalodidimia katika machimbo yake ni nchi iliyobanwa na ukoo wake wenyewe.

Jina nalo lina uzito. Edith haelewi onyo la mama yake kwa sababu analijua jumba kwa jina rasmi, Allerdale. Crimson Peak ni jina la wenyeji. Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal wakati wa utawala wa Wajerumani, inamkumbusha mtazamaji kuwa jina la ramani laweza kuficha kile ambacho jina la wenyeji linakijua.

Hapa ndipo udhaifu wa filamu unapojitokeza. Wenyeji hao wamelipa jumba jina, lakini karibu hawana sauti, na wachimbaji wa udongo ni kivuli tu. Del Toro anaifanya ardhi ilie bila kuonyesha waliokuwa wakiilima au kuichimba. Historia ya Usambara haikubali ukimya huo: mpango wa hifadhi ya udongo wa Mlalo, ulioanzishwa mwaka 1946, ulipingwa na wakulima waliolazimishwa kuchimba matuta, na ugomvi wa udongo ukawa ugomvi wa utawala.

6.0 Hitimisho

Usomaji huu haudai kwamba Crimson Peak ni kazi ya Kiafrika, wala kwamba ugothiki ni mgeni Usambara. Unaonyesha kwamba mzimu unapoacha kutisha, filamu haipungukiwi na hofu. Inaipata mahali panapoumiza zaidi, katika nyumba isiyo na mfasiri wa onyo na ardhi isiyo na mponyaji. Uhakiki wa Kiswahili unaoziweka hadithi za namna hii katika kapu la njozi za Magharibi unapitwa na swali ambalo una nyenzo za kulijibu: nani aliyeonywa, na nani angepaswa kumsaidia kusikia?